Mpimaji na Kadi ya Manjano

Kwetu mtani hupewa nafasi ya kumsema mtu siku ya maziko yake. Wengine wanalia, yeye anaiga mwendo wa marehemu, anautaja ulafi wake, anadai jeneza ni jepesi kwa sababu ndani hamna kitu, na hakuna mfiwa anayeruhusiwa kununa. Mimi nimeshindwa kusubiri. Mtu ninayetaka kumsema yu hai, anakula, na pengine sasa hivi amekaa barazani kwake Nyamisati akimwambia mpita njia kwamba anatembea vibaya. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu kabla ya babu zetu, kwa hiyo dharau mtakayoikuta humu ni halali yangu. Yeye alinipa ya kwake kwa zaidi ya miaka kumi, na hata siku moja hakunipunguzia.

Nitamwita Mpimaji, kama anavyoitwa na kila mtu pale bandarini. Kazi yake ilikuwa kuchambua miti ya mikoko. Mashua kutoka vijiji vya ndani ya delta, Kiongoroni na kwingineko, hushusha miti Nyamisati, na lazima mtu aipange kwa unene kabla haijapakiwa kwenye malori. Mti mwembamba kabisa ni ufito. Ukizidi kidogo ni upau. Halafu mazio, halafu boriti yenyewe, halafu nguzo. Mwingine angetumia kamba, au macho tu. Yeye alikuwa na fimbo ya mkandaa, mmojawapo wa mikoko hiyo hiyo, nyeusi kwa jasho la mkono, yenye mikato aliyoichonga mwenyewe, na aliiita Kipimo kana kwamba ni ndugu yake. Aliweka Kipimo kwenye kitako cha mti, akafumba jicho moja, akatamka daraja lake. Mti uliopinda, au uliotobolewa na wadudu, au ambao hakuupenda tu asubuhi hiyo, aliusukuma kando kwa mguu mtupu akasema neno moja: "Ukuni."

Neno hilo halikuishia kwenye miti. Redio ya jirani ilikuwa ukuni. Wali wa harusi uliotiwa nazi kidogo ulikuwa ukuni. Mgombea aliyekuja kuomba kura akiwa amevaa viatu vyeupe katika matope yetu alikuwa ukuni, na aliambiwa hivyo mbele ya wapambe wake. Watu wa karibu walipewa madaraja. Mwanawe anayefanya kazi Dar es Salaam alikuwa "boriti yenye fundo." Mkewe alikuwa "nguzo, ila nguzo inayosema." Mimi, muuguzi wa zahanati, nilikuwa ufito, tangu wiki yangu ya kwanza kazini.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia kila asubuhi nilipokatisha pale bandarini.

"Pisha. Kivuli chako kinapinda boriti zangu."

"Zimepinda tangu huko mikokoni. Jicho lako ndilo limekufa, huoni."

"Jicho hili, ewe ufito, limemwona babu yako akianguka matopeni na suruali ya kuazima."

Watu walicheka, nami niliendelea na safari yangu nikiwa na furaha ya siku nzima. Asiyejua utani angesema tunachukiana. Nimelieleza hili mapema kwa sababu utani huu ndio uliokaribia kumuua, na ndio uliomwokoa. Nitafika huko.

Kwanza miguu yake. Mpimaji hakuvaa kiatu kazini. Alisema kiatu hakikwambii ukweli wa matope. Nyayo zake zilikuwa ngumu kama gamba la kasa, na zilikuwa na madoa, kama zilivyo nyayo na viganja vya kila mtu anayeshika mikoko. Magome yale yana rangi, na rangi ikikutana na matope inakuwa nyeusi, haitoki kwa sabuni. Kwa hiyo doa jeusi lilipotokea chini ya kisigino chake cha kushoto, Mpimaji aliliona, akalitambua mara moja, akalipa jina: rangi ya gome. Alilisugua kwa mchanga. Alilisugua kwa limau. Alilisugua kwa waya wa kusugulia masufuria, mkewe akabaki akitafuta waya wake. Mwishowe alianza kulikwangua kwa kisu, taratibu, kama mtu anayesafisha kitako cha mti auone moyo wake.

Mtu aliyeweza kuona kupinda kwa mti ukiwa bado ndani ya mashua hakuona kwamba doa hili peke yake lilikuwa likikua. Aliyeona ni mkewe. Mwezi wa Ramadhani Mpimaji hapimi miti, anapumzika. Ifikapo Idi, mikono na miguu yake huwa imesafika, madoa yote yamekwisha. Idi ile mama wa watu alikuwa akimpaka mafuta kwenye nyayo, akasimama, akauliza: "Bwana we, rangi gani hii isiyojua kufunga?"

Alijibiwa kwamba yeye ni nguzo inayosema. Ikapita Idi nyingine.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana hili ni la kila mtu. Wengi wetu tunadhani saratani ya ngozi ni ya wazungu na ndugu zetu wenye ualbino. Kwa mtu mweusi ipo aina moja inayopenda kujificha pale ambapo hatutazami: kwenye unyayo, kiganja, chini ya kucha. Ukimaliza kuoga, inua mguu uutazame. Ukiona doa jipya jeusi linalopanuka, kingo zake hazilingani, au kidonda hapo kisichopona, nenda ukaonyeshe. Haiumi kutazama. Ukishindwa kuinama, mwambie mwenzako akutazamie, naye akikuuliza swali lenye akili usimwite nguzo.

Alipokuja kwangu alikuja kwa sababu ya mtoki, uvimbe kwenye kinena uliomzuia kukunja mguu vizuri. "Nipe dawa ya mtoki," aliamuru. Nikamwambia mtoki huwa na sababu yake, anionyeshe mguu. Akanionyesha mguu wa kulia. Nikamwambia wa kushoto. Alipouinua, nilisahau utani wote. Nilimwandikia barua ya rufaa siku hiyo hiyo, akaenda hospitali ya Kibiti, kutoka huko akapelekwa Dar es Salaam. Walimkata nyama ya kisigino, na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye matezi ya kinena, akaanzishiwa dripu ya dawa mpya kila baada ya wiki tatu. Mwanawe, ile boriti yenye fundo, ndiye aliyehangaika mpaka ikapatikana.

Nilijaribu kumweleza dawa ile ni kitu gani. Nilitumia mfano wa shamba la mpunga la huku kwetu bondeni. Shambani kuna dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, na ndani ya dungu wapo walinzi wanaofukuza ndege na nguruwe. Mwili nao una walinzi wake. Saratani ni nguruwe mjanja aliyejifunza mluzi wa walinzi. Akifika anapiga mluzi, walinzi wanadhani ni mwenzao, wanarudi kulala. Dawa za saratani za zamani humpiga nguruwe na mpunga pia. Hii mpya haimgusi nguruwe. Inapanda kwenye dungu, inawaamsha walinzi, inawaambia: kuanzia leo msisikilize mluzi wa mtu yeyote.

"Miye mtu wa mikoko," Mpimaji alisema. "Nguruwe na mpunga vinanihusu nini?"

"Tega sikio. Shida yake ni hii. Walinzi wasiosikiliza mluzi wanaweza kumpiga mawe hata mwenye shamba anayewaletea chakula. Wanaweza kupiga ngozi yako, utumbo, mapafu, ini, tezi za shingoni. Na hawasemi watapiga lini. Pengine wiki ya tatu, pengine mwezi wa tano, pengine dawa yenyewe umeshaiacha."

"Na wakinipiga, nani anawaambia waache?"

Lilikuwa swali zuri, bora kuliko mengi ninayoulizwa, nikamsifu. "Ndiyo maana umepewa hii," nikamwonyesha kadi.

Kadi ilikuwa ya manjano, ya karatasi ngumu, ya kuingia mfukoni. Ilimwambia mhudumu yeyote wa afya kwamba huyu anatumia dawa ya kuamsha kinga. Akija na kuharisha, kikohozi, macho ya njano, au uchovu usio wa kawaida, usimtibu kama watu wengine, piga simu namba hii. Kadi ile ilikuwa na thamani kuliko chochote alichorudi nacho. Mpimaji aliitazama mbele, akaitazama nyuma, akaipima kwa kidole. Barazani kwake palikuwa na meza ya kahawa yenye mguu mmoja mfupi, meza aliyoitukana miaka yote. Aliikunja kadi mara mbili, akaichomeka chini ya mguu ule, akaweka kikombe juu yake, akakitazama kimetulia.

"Unaona?" akasema. "Dawa imeanza kufanya kazi."

Mtu huyu ndiye niliyekuwa nikimwelimisha.

Dharau yake juu ya dawa ilikuwa ya namna ya pekee. Wodini Dar es Salaam alikaa na watu waliokuwa wakipewa zile dawa nyingine, wakatapika, nywele zikanyonyoka. Yeye alirudi na nywele zote, ndevu zote, na hamu ya kula. Akapita bandarini akijishika kichwa. "Wenzangu wote wamekuwa vibuyu," alitangaza. "Miye nywele tele. Dawa isiyoweza hata kunyonyoa unywele, hiyo dawa? Ukuni." Akahitimisha kwamba dawa yake haina madhara. Nilimwambia madhara yake yana njia nyingine na yanachelewa. Aliniambia mimi ndiye ninayechelewa, kazini, kila siku.

Lakini mtu huyo huyo hakukosa dripu hata moja. Gari la alfajiri lilimkuta barabarani amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na Kipimo mkononi. Ukimuuliza alisema anakwenda kumtazama mwanawe. Tarehe alizijua kwa kichwa. Nilipokosea siku moja nikasema zamu yake ni Alhamisi, alinisahihisha kabla sijafunga mdomo: "Jumatano, ufito." Nililiona hilo na sikulitafakari. Mtu anayedharau kitu hakihesabii siku.

Baada ya dripu ya tatu ngozi ilianza kumwasha, kisha ikaanza kuwa nyeupe. Mabaka yalitokea mikononi, likafuata moja kubwa shavuni, na kope za jicho la kulia zikawa nyeupe kabisa. Huyu ni mtu aliyekuwa akipaka piko kichwani ili asionekane na mvi. Nilikuwa mtani wake, sikumwacha. Nilimwita mzungu wa Nyamisati. Nilimuuliza atatuombea lini viza. Wengine walikuja na maneno mabaya zaidi, kwamba wakataji ambao miti yao aliikataa wamemfanyia kitu. Yeye alikaa barazani akayapokea yote.

"Kama wameniloga," alisema, "wameniloga mabakamabaka. Watu hawa hata uchawi wao umepinda."

Faraghani nilimpigia daktari wake wa Dar es Salaam, mwanamke mwenye sauti ya upole asiyechoka kuulizwa. Alinieleza kwamba saratani hii huanzia kwenye zile chembe zinazotupa rangi ya ngozi. Walinzi wakiwa macho, huzipiga zile mbaya na wakati mwingine huzipiga zile nzuri zinazofanana nazo. Mabaka hayana hatari, na huenda ni dalili kwamba dungu lina watu. "Lakini asijipe uhakika," akasema, "na mwambie lolote jipya atuambie siku hiyo hiyo." Nilimwambia. Akaniitikia kwa kunywa kahawa yake iliyotulia.

Sasa nifike kwenye tumbo.

Anayeishi delta anajua kwamba tumbo lake linafuata mwezi. Bamvua ikija, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari hupanda mpaka ndani, visima hushika chumvi na uchafu, na watu huharisha. Hatuendi hospitali kwa hilo. Tunakunywa maji ya madafu, tunasubiri. Baada ya siku chache yanakuja maji mafu, bahari inarudi kwake, visima vinatulia na matumbo nayo. Hata mimi mwenye vyeti nimewahi kusubiri hivyo. Ni hesabu yetu ya zamani na mara nyingi inakubali.

Wiki mbili baada ya dripu ya nne ilikuja bamvua. Nilimkuta Mpimaji amekaa, hajasimama kwenye miti.

"Mtani," akaniambia, "tumbo langu limekuwa mlango wa bahari. Linapwa na kujaa."

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikamwambia labda mikoko imeota humo ndani, aende na Kipimo akaipime. Alitabasamu, nami nikaenda zangu kazini.

Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi. Mgonjwa wangu, anayetumia dawa ambayo mimi mwenyewe nilimweleza itakavyompiga, alinitajia dalili mbele ya mashahidi, nami nikamjibu kwa mzaha kwa sababu ndivyo tulivyozoea kujibizana. Nimemdharau mzee huyu kwa mambo mengi humu. Dharau ya siku ile ni yangu mwenyewe, naibeba.

Maji mafu yalikuja. Visima vilitulia. Matumbo ya kijiji yalikauka. La Mpimaji liliendelea. Alikwenda duka la dawa akanunua vidonge vya kufunga tumbo, akavimeza viwili viwili, hakumwonyesha mtu kadi kwa kuwa kadi ilikuwa na kazi nyingine. Alimwambia mkewe kwamba bamvua ya safari hii ina mkia. Alipoanza kuona damu alifua nguo zake mwenyewe, mtu ambaye katika ndoa nzima hajawahi kufua leso.

Nilipogundua, sikugundua kwa uuguzi. Nilipita asubuhi nikamkuta amejilaza kwenye mkeka barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Nilisimama palepale. Miaka kumi na zaidi hajawahi kuniitikia salamu. Hakuniita ufito, hakumtaja babu yangu. Nikapiga magoti nikamshika mkono. Ngozi ilikuwa imekauka, mapigo ya moyo yanakimbia. Mkewe alitoka na ndoo, akatutazama, akaanza kulia kabla sijauliza.

"Anakwenda chooni mpaka nashindwa kuhesabu," akasema. "Tangu bamvua, mwanangu. Amenikataza kukwambia."

Nilikwenda kwenye meza, nikaiinua, nikaichomoa kadi. Kahawa ilimwagika. Daktari alipokea simu mara moja, akauliza moja baada ya jingine: mara ngapi kwa siku, damu ipo, anaumwa tumbo, anajua alipo? Nikamtajia vidonge vya kufunga alivyonionyesha mkewe. "Aviache kabisa," alisema. "Hilo si tumbo la maji machafu. Tutapima choo, lakini naamini ni kinga yake inaushambulia utumbo. Mfikishe Kibiti sasa, awekewe maji. Nitaongea nao waanze dawa ya kuituliza kinga leo leo. Ukichelewa, utumbo unaweza kupasuka."

Gari la wagonjwa lilifika kabla ya adhuhuri. Mpimaji akakataa kupanda.

Nilimweleza. Kueleza ndicho kipaji changu, nimewahi kuwashawishi wazee wakaidi kuliko yeye. Nilieleza dungu, nilieleza walinzi, nilieleza utumbo. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema "Hapana." Mkewe alimsihi. Dereva alimsihi. Majirani walijaa. Hapana. Wanaume wawili walitaka kumbeba, akashika nguzo ya baraza kwa nguvu nisizojua zilitoka wapi.

Nikaacha uuguzi, nikarudi kwenye ukoo. Mtani ana haki nyingine mbali na kutukana: anaweza kuchukua kitu chako machoni pako. Akichukua hukasiriki, hupigani, humwiti mwizi. Unamfuata unakigomboa. Ndivyo walivyofanya babu zetu kwa mbuzi, kwa vigoda, hata kwa bibi harusi aliyekuwa njiani. Kipimo kilikuwa kimeegemea ukutani. Nilikichukua mbele ya watu wote, nikakiinua juu.

"Nimechukua!" nikasema. "Watu wa ukoo huu ni mashahidi. Nakwenda nacho Kibiti. Anayekitaka anifuate."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. Nilikilaza Kipimo kwenye kitanda cha gari, nikakifunika shuka mpaka shingoni kama mgonjwa, nikapanda, nikamwambia dereva awashe. Mpimaji aliachia nguzo. Alikaa. Macho yake yalikuwa na hasira niliyofurahi kuiona kuliko dhahabu.

"Ukuni wewe," akasema. "Nipandisheni."

Njiani, maji ya dripu yakishuka, aliniuliza kwa sauti ndogo kama nilikuwa nimempigia daktari. Nikasema ndiyo.

"Basi wataniachisha dawa."

Sikumwelewa.

"Kule wodini nilimsikia mmoja. Alisema anaharisha, wakamsimamishia dripu. Nikasema miye sitasema." Akajishika kinenani. "Mtoki ulikuwa kama embe, mtani. Baada ya dripu ya tatu ukawa kama kokwa. Kila usiku naushika. Sasa unataka niseme nini?"

Hapo ndipo nilipomwelewa, na nilichelewa. Sikuwahi kukutana na mtu aliyeipenda dawa kuliko yule. Aliitukana mchana kutwa ili asionekane jinsi alivyoishikilia. Alinyamaza juu ya damu kwa sababu alitaka kuishi, na kunyamaza kule ndiko kulikokaribia kumuua.

Kwa hiyo mnisikilize, nyinyi au wazazi wenu mlio kwenye dawa hizi. Ni kweli, ukisema, wanaweza kuisimamisha. Mara nyingi ni kwa muda, mara nyingine ni moja kwa moja. Lakini walinzi wakiwahiwa mapema hutulizwa kwa dawa kidogo, na wengi huendelea na safari yao. Wakichelewa kuwahiwa, unapoteza dawa na unaweza kupoteza utumbo. Kusema mapema ndiyo njia ya kuitunza hiyo dripu unayoililia.

Yeye alikuwa amechelewa. Walimtuliza kwa dawa za steroidi, kwanza za sindano, kisha vidonge vingi vilivyopunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Damu ilikoma siku ya nne. Na dripu ile ya Dar es Salaam wakaisimamisha moja kwa moja. Daktari alimweleza kwamba walinzi wakishaamshwa wakati mwingine hubaki macho hata asipokuwepo wa kuwaamsha, na kwamba watamtazama kwa picha za ndani ya mwili kila baada ya miezi michache. "Wakati mwingine," Mpimaji alirudia. Hakusema ukuni.

Vidonge vilimvimbisha uso ukawa mviringo, akawa anakula kama mtu aliyetoka jela. Nilimwonya kwamba hivi havikatizwi ghafla hata ukijisikia mzima. Nilitarajia ukaidi. Badala yake alichukua kalenda ya maji, ile yenye bamvua na maji mafu, akachora kila siku idadi ya vidonge mpaka cha mwisho, na hakukosea hata kimoja.

Wiki iliyopita nilikwenda kumrudishia Kipimo. Nilikuwa nimekaa nacho zahanati muda wote huo, nyuma ya mlango, kwa sababu hakuja kukigomboa na mimi sikutaka kukitoa bure. Keshokutwa yake alikuwa anakwenda Dar es Salaam kwa picha. Nilimkuta barazani. Uso ulikuwa umerudi, mwembamba, na baka la shavuni limefika sikioni.

"Shikamoo, mzee."

"Sogea. Unanizibia upepo."

Nilishukuru Mungu kimoyomoyo nikakaa. Nikamlazia Kipimo mapajani. Alikigeuza, akapitisha kidole kwenye mikato yote.

"Umekitumia kupimia nini?"

"Nilikuwa nafungia mlango."

"Ndiyo maana kimepinda."

Mkewe alituletea kahawa, akaweka vikombe mezani. Changu kikateleza, kahawa ikanimwagikia gauni. Nikakirudisha, kikateleza tena.

"Ufito, hata kikombe kinakushinda," akasema.

Nikainama kutazama chini ya meza. Mguu mfupi ulikuwa unaning'inia hewani. Hapakuwa na kitu. Nikainua macho. Kwenye mfuko wa shati lake, juu kabisa ya moyo, ilichungulia pembe ya karatasi ngumu ya manjano, yenye alama ya duara iliyoachwa na mguu wa meza. Aliona ninapotazama, akaweka kiganja chake chenye mabaka juu ya mfuko.

"Meza inayumba," nikasema.

"Basi ishike," akasema Mpimaji. "Si una mikono?"

Nikaishika, yeye akanywa.